Fungu la Mke katika Nyumba Inayotwaliwa kwa Kosa la Mume

Katika darsa zetu tumeulizwa suali moja zaidi ya mara moja, kwa maneno mbalimbali, na kila aliyeuliza aliuliza kwa sauti ya chini. Suali lenyewe ni hili: Mtu na mkewe wana nyumba ya shirika. Mume ameshitakiwa kwa kula rushwa, au kwa kuchota mali ya umma, au kwa biashara ya madawa ya kulevya, na serikali yataka kuitwaa nyumba ile. Je, mke ambaye hakuiba wala hakuuza sumu, naye atoke mikono mitupu pamoja na mumewe? Au fungu lake limesalimika?

Tumeona yafaa jawabu liandikwe, kwani watu wamegawanyika makundi mawili, na makundi yote mawili yamekosea. Wako wasemao kuwa nyumba iliyoingia shilingi moja ya haramu ni haramu yote, na mke aliyelala ndani yake hana la kudai. Na wako wasemao kuwa maadamu jina la mke limo katika hati, basi nusu ni yake daima, na serikali ikiigusa imemdhulumu. Wa kwanza wamwadhibu asiyekosa, na wa pili wamfanya mwanamke kuwa kabati la kufichia vitu vya wizi. Haki iko baina ya hayo mawili, na kuifikia kwataka tuende hatua kwa hatua.

Twatanguliza neno moja. Tutasema "mke" kwa kuwa hao ndio waliotuuliza. Lakini mambo ni yale yale iwapo mwenye cheo ni mke na asiyejua ni mume.

MALI YA MKE NI MALI YA MKE

Asili ya jambo hili katika Sharia yetu ni kwamba ndoa haichanganyi mali. Mwanamke huolewa akiwa na mali yake, hukaa katika ndoa akiwa na mali yake, na hutoka, kwa talaka au kwa kifo, akiwa na mali yake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kuwa wanaume wana fungu katika waliyoyachuma, na wanawake nao wana fungu katika waliyoyachuma. Mahari ni yake, mirathi ya babake ni yake, faida ya biashara yake ni yake, na mume hana haki ya kuyagusa hayo ila kwa radhi yake. Yafaa tukumbuke kuwa Uingereza, ambayo kwayo tumerithi sehemu kubwa ya sheria za nchi hii, haikumpa mwanamke aliyeolewa haki kamili ya kumiliki mali yake mbali na mumewe mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1882.

Na asili ya pili ni kwamba mtu habebi mzigo wa mwingine. Hili limetajwa katika Suratul An'am, aya ya 164, na mahali pengine katika Qur'ani. Kosa la mume ni la mume. Mke haadhibiwi kwa mali yake kwa sababu tu amelala nyumba moja na mkosa, kama vile hafungwi jela kwa kifungo cha mumewe.

Basi haya mawili ndiyo ngao ya mke. Lakini asili ya tatu nayo iko, na wengi huisahau.

MALI YA WIZI HAIBADILIKI KWA KUPITA MIKONONI

Mwizi hawi mmiliki. Akiuza, ameuza kisicho chake. Akitoa zawadi, ametoa kisicho chake. Akiweka wakfu, wakfu wake haukusimama, kwani sharti ya wakfu ni kuwa mwenye kuweka awe amekimiliki anachokiweka. Mali ile yabaki ni ya mwenyewe popote ilipo. Na mali ya umma ina wenyewe wengi: ni dawa ya mgonjwa aliyekosa dawa, na ni dawati la mtoto anayekaa chini sakafuni. Suratul Baqara, aya ya 188, yatukataza kula mali za watu kwa batili, na kuzipeleka kwa mahakimu ili tule sehemu yake kwa dhambi hali tunajua.

Kwa hivyo serikali ikirejesha kilichoibwa, haikumtoza mtu faini wala haikumnyang'anya chake. Mafakihi wamekhitalifiana juu ya kumwadhibu mtu kwa kumtoza mali yake ya halali; lakini kurudisha kilichodhulumiwa kwa mwenyewe si katika khitilafu hiyo. Hilo ni wajibu.

Twaleta visa vitatu ili jambo lifahamike.

Cha kwanza kimepokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mafungu mawili: hili la Waislamu, na hili amepewa yeye zawadi. Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akapanda mimbari, akauliza kwa maana hii: lau mtu huyu angalikaa nyumbani kwa babake na mamake, zawadi hiyo ingalimfikia? Tazama kipimo hicho kilivyo chepesi na kilivyo kikali. Si kila kinachoitwa zawadi ni zawadi. Waulizwe wote wenye vyeo: lau si kiti kile, ungalipewa?

Cha pili kimesimuliwa na Tabari katika tarikh yake. Umm Kulthum binti Ali, mkewe Sayyidna Umar bin Khattab, alimpelekea mke wa mfalme wa Rumi manukato na vitu vya wanawake, navyo vikachukuliwa na mjumbe wa serikali. Mke wa mfalme naye akarudisha zawadi, na ndani yake mna kidani cha thamani kubwa. Sayyidna Umar akawakusanya watu akawashauri. Wakasema: ni chake, kwani ni badala ya alichokitoa. Akawaambia kuwa mjumbe ni mjumbe wa Waislamu, na posta ni posta yao. Kidani kikatiwa katika Baitul Mali, na Umm Kulthum akapewa kiasi cha gharama aliyoitoa mwenyewe.

Hukumu hii ndiyo kiini cha makala yetu. Sayyidna Umar hakusema: wewe ni mke wangu, basi kichukue. Wala hakusema: kimechanganyika na mali ya umma, basi hata ulichokitoa kimepotea. Alivitenganisha viwili: kilichotoka mfukoni kwake alirudishiwa, na kilicholetwa kwa nguvu ya cheo kilikwenda kwa wenyewe.

Cha tatu ni cha Umar bin Abdulaziz. Aliposhika ukhalifa alimtaka mkewe, Fatima binti Abdulmalik, arudishe katika Baitul Mali kito alichopewa na babake aliyekuwa khalifa, au waachane. Akachagua kukirudisha. Na mumewe alipokufa, nduguye aliyetawala baadaye alitaka kumrudishia, naye akakataa. Fatima hakuwa mwizi. Lakini alijua kuwa zawadi haiwi safi kuliko mkono ulioitoa.

SHERIA YA NCHI YASEMAJE?

Sasa natuje kwenye mahakama za Kenya, kwani huko ndiko nyumba zinakotwaliwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, yailinda mali ya kila mtu. Lakini kifungu hicho hicho, mwishoni mwake, chasema kuwa ulinzi huo haufiki kwenye mali iliyothibitika kuwa imepatikana kinyume cha sheria. Juu ya msingi huo zasimama sheria mbili ambazo yatupasa kuzijua. Moja ni sheria ya kupambana na ufisadi na makosa ya kiuchumi ya mwaka 2003. Ya pili ni sheria ya mapato ya uhalifu na usafishaji wa pesa haramu ya mwaka 2009. Na sheria ya madawa ya kulevya ya mwaka 1994 nayo ina milango yake ya kutwaa mali.

Mali hutwaliwa kwa njia mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowapoteza watu wengi.

Njia ya kwanza ni kesi juu ya mtu. Mume ameshitakiwa, amehukumiwa kuwa ana hatia, kisha mahakama yahesabu faida aliyoipata kwa uhalifu wake na kumwamuru ailipe. Deni hili ni lake. Hulipwa kutoka katika mali yake, na katika hiyo mwahesabiwa fungu lake katika nyumba ya shirika, na pia zawadi alizowapa watu kwa namna ambayo sheria imeitaja. Fungu la mke alilolipata kwa mali yake si katika mali ya mume, wala halilipi deni la mume.

Njia ya pili ni kesi juu ya mali yenyewe. Hapa hakuna haja mume awe amefungwa. Huenda hata hakushitakiwa. Serikali yaiendea Mahakama Kuu na kusema: nyumba hii, au gari hili, au pesa hizi zilizo benki, ni mapato ya uhalifu, au mashua hii imetumika kufanyia uhalifu. Wala haihitaji kuondosha kila shaka kama katika kesi ya jinai. Yatosha uzito wa ushahidi uelemee upande wake. Na katika sheria ya 2003, mtu aliyeonekana na mali iliyozidi mapato yake yanayojulikana hupewa nafasi ya kueleza ameipata wapi. Akishindwa, hutakiwa kuilipa. Zaidi ya hayo, sheria hiyo yairuhusu mahakama kuihesabu kuwa ni mali ya mume ile aliyomwekea mtu mwingine kwa niaba yake, au aliyompa kwa zawadi au kwa mkopo bila ya badala ya kutosha. Mke ni katika "mtu mwingine" huyo.

Na mwenye haki asiye na kosa amefunguliwa mlango gani? Sheria ya 2009, katika kifungu cha 93, yampa ruhusa mtu yeyote anayedai ana haki katika mali hiyo aende Mahakama Kuu kabla ya amri ya kutwaa kutolewa. Atatakiwa athibitishe kuwa hakushiriki kwa namna yoyote katika kosa. Na kama haki yake ameipata wakati wa kosa au baada yake, atatakiwa pia athibitishe mambo mawili: kwamba ametoa badala ya kutosha, na kwamba hakujua, wala hali haikuwa ya kumtia mtu shaka, kuwa mali ile ina dosari. Akithibitisha, mahakama hutangaza haki yake ni ya aina gani, ni kadiri gani, na thamani yake ni kiasi gani.

Mwenye kusoma na azingatie: mambo haya huyathibitisha yeye mwenye kudai. Kunyamaza hakumsaidii.

MFANO

Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba imenunuliwa kwa shilingi milioni 6. Mke ametoa milioni 2, ambazo ni mirathi ya babake. Mume ametoa milioni 4: milioni 1 ameiweka akiba katika mshahara wake, na milioni 3 ni rushwa. Mke hakujua habari ya rushwa. Leo nyumba ina thamani ya milioni 9.

Fungu la mke ni theluthi. Wala hadai milioni 2 alizozitoa. Adai theluthi ya nyumba, nayo leo ni milioni 3. Hakumkopesha mumewe pesa. Alinunua sehemu ya nyumba, na sehemu hiyo imekua pamoja na nyumba. Theluthi mbili za mume ndizo zilizo na matatizo.

Lakini tuseme hati imeandikwa kwa majina yao wawili. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, katika kifungu cha 14, yadhani kuwa mali iliyo kwa majina ya wanandoa wawili ni yao nusu kwa nusu. Basi mke adai nusu, milioni 4 na nusu? Dhana hiyo yaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Baina ya theluthi aliyoilipia na nusu iliyoandikwa pana sudusi moja, milioni 1 na nusu. Sudusi hiyo ameipataje? Hakuilipia. Ni zawadi ya mumewe, na mkono wa mumewe una rushwa. Hapo serikali ina neno la kusema, na mke ajue mapema kwamba theluthi yake imesimama juu ya mwamba, na sudusi ile imesimama juu ya mchanga.

Kutokana na mfano huu twapata kuwa jina la mke katika hati laweza kuwa na maana nne. La kwanza, ni mnunuzi aliyelipa kwa mali yake: huyu ana haki kamili. La pili, amepewa zawadi na mumewe: huyu haki yake yafuata usafi wa kilichotolewa. La tatu, ni jina tupu. Mume amemwandikisha ili yeye asionekane, na hakukusudia kumpa kitu: huyu hana kitu, na atazamwe asije akaingizwa katika kosa. La nne, ameandikiwa nyumba kuwa ni mahari au badala ya deni analomdai mumewe: huyu ametoa badala, lakini bado ataulizwa kama alijua.

Juu ya hili la mahari twaongeza faida moja. Mume akimpa mke mahari ya kitu alichokighusubu, kitu kile humrudia mwenyewe, lakini haki ya mke haianguki. Kwa kauli yenye nguvu katika madhhabu yetu ya Kishafii, humpasa mume amlipe mahari ya mithili yake katika mali yake ya halali. Dhima ni ya mume. Hapana njia ya kumlipa mke kwa mali ya watu.

MKE ALIYEJUA

Limebaki suali zito. Mke ametoa milioni 2 za mirathi, ni halali kama maziwa ya mama, lakini alijua kuwa zilizobaki ni za rushwa. Je?

Kwa upande wa umiliki katika Sharia, mali yake haigeuki kuwa ya wizi kwa sababu ya kujua. Amepata dhambi ya kunyamaza na kusaidiana katika uovu, na hilo ni baina yake na Mola wake. Lakini dhambi ni kitu kimoja na umiliki ni kitu kingine. Imam Ghazali, katika kitabu cha halali na haramu kilichomo ndani ya Ihya, amefundisha namna ya kuitenga haramu iliyochanganyika na halali: kiasi cha haramu hutolewa kikarudishwa, na halali hubaki kwa mwenyewe.

Ama katika sheria ya nchi, kujua kwake kwamtia katika hatari kubwa. Kifungu tulichokitaja kinamlinda asiyejua na asiye na sababu ya kushuku. Aliyejua huenda akaikosa hata ngao ya fungu lake mwenyewe. Na zaidi ya hapo, sheria hiyo ya 2009 yaifanya kuwa ni kosa la jinai kushughulika na mali ambayo mtu ajua, au yampasa kujua, kuwa ni mapato ya uhalifu, kwa namna ya kuificha au kuifunika asili yake. Kwa hivyo mke anayetia saini karatasi hali ajua, hakulinda nyumba. Amejitia mwenyewe kizimbani.

Na neno "hali ya kumtia mtu shaka" lapimwa kwa akili ya kawaida. Karani wa mshahara wa kawaida akinunua nyumba tatu kwa miaka miwili, mkewe akisema hakushuku, ataulizwa: hukuuliza? Wazee wetu wamesema kuwa penye moshi pana moto. Aliyeuona moshi miaka miwili, akafunga dirisha ili usimwingie machoni, hawezi kusema hakuuona moto.

KAZI YA NYUMBANI

Tumeulizwa pia: mke hakutoa pesa, lakini amepika, amelea, amemuuguza mama mkwe miaka ishirini. Hana fungu?

Sheria ya 2013 imeyahesabu mambo hayo kuwa ni mchango: kazi za nyumba, malezi ya watoto, usuhuba, na usimamizi wa biashara ya jamaa. Na katika kifungu cha 3 imemwachia Mwislamu nafasi ya kuhukumiwa kwa Sharia ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Mahakama ya Juu nayo, katika hukumu yake ya Januari 2023, imebainisha kuwa usawa wa wanandoa uliotajwa na Katiba hauna maana ya kugawa nusu kwa nusu kila mara. Kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango aliouthibitisha.

Lakini yatazamwe haya: huo ni mgawo baina ya mume na mke, wagawane kilicho chao. Mgawo hauumbi umiliki ambao haukuwepo. Mume hakuimiliki rushwa. Basi mke ashiriki naye katika nini? Mwenye kutegemea kazi ya nyumbani peke yake na alielekeze dai lake katika sehemu safi ya mali ya mumewe: mshahara wake, mirathi yake, faida ya duka lake. Huko ana la kusema. Katika mfano wetu, ile milioni 1 ya mshahara ndiyo mahali pa dai kama hilo. Tena ajue kuwa mume akihukumiwa kwa njia ya kwanza, hata sehemu hiyo safi yaweza kuandamwa na deni la mahakama.

Twakiri kuwa jambo hili ni chungu. Mwanamke ametumika ujana wake wote, kisha aambiwa jikoni alikopikia hakukuwa kwao. Lakini aliyemdhulumu ni nani? Si yule mgonjwa aliyeibiwa dawa. Ni mumewe, aliyemjengea nyumba juu ya ardhi ya watu na kumwambia: hapa ni kwako.

NAMNA YA KUDAI

Sasa twaeleza la kufanya, kwani haki isiyodaiwa kwa wakati hupotea.

Kwanza, serikali huanza kwa kuomba amri ya kuizuilia mali, isiuzwe wala isihamishwe. Chini ya sheria ya 2009 amri hiyo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na uhai wake ni siku 90 ila ikiwa kesi ya kutwaa imekwisha kufunguliwa. Chini ya sheria ya 2003 ni miezi 6. Mke akipata ilani, asiitie mtoni mwa mto. Siku za kujibu zilizotajwa humo ni chache, na zahesabiwa.

Pili, asimame kwa jina lake. Asiseme "mume wangu ana wakili". Wakili wa mume ampigania mume, na huenda maslaha yao yakagongana: mume asema zote ni zake za halali, na mke asema theluthi ni yangu. Ikiwezekana awe na wakili wake mbali.

Tatu, mahali ni Mahakama Kuu. Kadhi hana mamlaka juu ya kesi hizi. Yeye, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, huhukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Lakini hati ya Kadhi ya mgawo wa mirathi ni ushahidi mwema wa kuonyesha pesa za mke zimetoka wapi.

Nne, alete karatasi: hati ya nyumba, mkataba wa kununua, taarifa za benki zinazoonyesha pesa zimetoka kwake zikaingia kwa muuzaji, stakabadhi ya dhahabu aliyoiuza, vitabu vya biashara yake, na mashahidi waliohudhuria. Kusema "kila mtu mtaani ajua" hakutoshi.

Tano, kama amri imekwisha kutolewa naye hakuwa na habari, mlango haukufungwa: ana miezi 6 tangu siku ya amri kuomba haki yake. Ama aliyepewa ilani akanyamaza, hafunguliwi tena ila kwa idhini ya mahakama.

NASAHA

Kwa wake na mabinti zetu twasema: andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya kuandikiana deni, Suratul Baqara, aya ya 282. Nasi tumeifanya kuwa ni ya kusomwa tu. Mwanamke auza bangili zake, ampa mumewe pesa mkononi, na akiambiwa aandike aona ni kumvunjia mume heshima. Kuandika si kutoaminiana. Ni amana, na ndiyo itakayosema siku ambayo nyinyi wawili hamtasadikiwa. Kadhalika ulizeni. Mke ana haki ya kujua watoto wake wala nini. Na msitie saini karatasi msiyosomewa ikafahamika, hata akiileta yule mnayempenda.

Kwa waume twasema: usimwandikishe mkeo mali ya kuficha ukasema umemtunuku. Umempa deni na umeliita zawadi. Wala usimpe talaka ya mahakamani ili nyumba iitwe mgawo wake, na usiku ukamrudia. Hila hizo hazimdanganyi Mwenyezi Mungu, na mahakimu nao wamezizoea.

Na kwa aliyekwisha kutumbukia, mume au mke, twasema: toba ya dhuluma haitimii kwa machozi. Hutimia kwa kurudisha. Arudishaye mwenyewe, kabla ya kugongewa mlango, huokoa zaidi ya nyumba. Huokoa sehemu safi ya mali yake, jina la watoto wake, na fungu la mke asiyekosa, ambalo leo anamwachia alipiganie peke yake mbele ya hakimu.

Basi muhtasari wa jawabu letu ni huu. Mke aliyetoa chake, hakushiriki wala hakujua, fungu lake ni lake, na akiwa na ushahidi mahakama itamtangazia. Alichopewa kutokana na haramu si chake, ingawa jina lake limeandikwa. Na baina ya hayo mawili panataka kalamu, stakabadhi, na ulimi wa kuuliza kabla ya kununua.

Wallahu aalam.